Jina la Kihispania kwa paka wako: lipitishe mdomoni kwanza

Paka wangu wa kwanza mwenye jina la Kihispania aliitwa Jorge, na mpaka anakufa hapakuwa na mtu nyumbani, ukinitoa mimi, aliyewahi kumwita hivyo. Mama alimwita Joji. Mdogo wangu alimwita Jorige, akitamka kila herufi kama anayepimwa macho. Daktari wa mifugo aliandika "George" kwenye kadi ya chanjo bila hata kuniuliza. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa na miezi minne ya masomo ya Kihispania, nina ile homa ya mwanafunzi mpya, kwa hiyo nilimsahihisha kila mtu. "Ni Khorkhe, Mama. Kh, kama kheri."

Mama akanitazama kwa muda. "Mwanangu, koo hili nimelitunza miaka yote. Silikwaruzi kwa ajili ya paka."

Paka mwenyewe aliitikia mlio wa kopo likifunguliwa, basi.

Tangu hapo nimeshiriki kuwapa majina paka watano, wawili wangu na watatu wa marafiki, na wote wana majina ya Kihispania ambayo watu wa nyumbani wanayatamka bila kugombana. Nilichobadilisha ni mpangilio wa kazi. Zamani nilianza na orodha ya majina mazuri. Siku hizi naanza na midomo itakayomwita huyo paka.

Mdomo na sikio

Jorge lilikuwa bahati mbaya tu. Kwa aliyezoea Kiswahili, Kihispania ni jirani wa ukuta mmoja. Irabu ni zilezile tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu popote zinapokaa. Ch yao ndiyo ch yetu. Ñ ni ny, kwa hiyo Toño ni Tonyo, kazi imeisha. Tena neno linaloishia na irabu kwa kawaida hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, vilevile tunavyokazia sisi. Canela, Sombra, Paloma, Bonita: yasome kama unavyosoma gazeti, ukikumbuka tu kwamba c hiyo ni k, na tayari umepatia. Maneno yanayoishia n au s yanafuata mkumbo huo, na yanayoishia konsonanti nyingine hukaziwa mwishoni, kama Marisol. Neno likivunja kanuni, wenyewe huweka alama juu ya irabu ili usipotee: Limón, Azúcar, Café. Laiti na sisi tungekuwa na alama hiyo, maana barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa kabisa" zinafanana mno kwenye karatasi.

Herufi za kuchunga ni chache. J ni kh, na g ikitangulia e au i nayo ni kh. Hizo ndizo zilizotukosanisha mimi na Mama. H ni bubu kabisa. V hutamkwa kama b, kwa hiyo Nieve, theluji, ni Nyebe. Qu ni k. Ll kwa watu wengi ni y, ingawa ukifika Buenos Aires utaisikia ikiwa sh: Estrella, nyota, ni Estreya kwa huyu na Estresha kwa yule. Z, na c inayotangulia e au i, ni s Amerika ya Kilatini, ila sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thamani. Chagua upande mmoja ubaki nao, paka hana pasipoti. R mbili, au r inayoanza neno, inataka ulimi utetemeke kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kama nyumbani kuna mtoto ambaye r bado inamshinda, mpe pole na usimchagulie Rayo.

Kuhusu urefu, silabi mbili ni nzuri, tatu zinavumilika. Mwaka 2019 mtafiti wa Japani, Atsuko Saito, na wenzake walichapisha jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Paka walisikilizishwa maneno manne ya kawaida yenye urefu na mkazo kama wa majina yao, mpaka wakaanza kuyapuuza, kisha likafuata jina lenyewe. Wengi waligutuka: sikio likageuka, kichwa kikainuka. Wachache sana walijisumbua kunyanyua mwili, na hilo mwenye paka yeyote angekuambia bila utafiti. Lakini paka wanaoishi kwa wingi katika mkahawa wa paka, ambako wateja huja kukaa nao, walishindwa kutofautisha jina lao na la wenzao. Mimi nachukua somo hapo: kama una paka wawili, usiwaite Lola na Lalo, wala Tito na Tita. Wape majina yasiyofanana irabu, kwa mfano Lola na Tigre, kila mmoja ajue lini aendelee kulala.

Kabla ya jina, angalia chini ya mkia

Kihispania kina jinsia kwenye karibu kila kitu. Gato ni dume, gata ni jike. Gordo ni bonge wa kiume, Gorda wa kike. Ukikosea, kila mzungumzaji wa lugha hiyo atakayemwona paka wako atasita kidogo, kama wewe ungesita ukisikia "kitabu wangu".

Tatizo ni kwamba vitoto vya paka havisomeki vizuri. Rafiki yangu alipewa "jike", akamwita Princesa, na baada ya miezi mitano Princesa akaanza kurashia mapazia kwa harufu ambayo haina mpinzani. Sisi tungesema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wahispania wana yao, dar gato por liebre, kumpa mtu paka badala ya sungura, ambayo hapa inafaa zaidi.

Njia ya kukagua ni hii. Mnyanyue mkia taratibu. Jike ana nukta juu na mstari mfupi chini yake, karibu karibu. Dume ana nukta mbili zilizoachana, na kati yake kuna nafasi yenye manyoya ambako kokwa zitatokeza baadaye. Nami nilifurahi kama mjinga nilipogundua kwamba umbo la jike ni lile la alama ya mshangao iliyopinduliwa, ¡, ambayo Kihispania hutanguliza kwenye sentensi yoyote ya kupiga kelele. Ukiona ¡, jike. Ukiona nukta mbili kama zinazotangulia orodha, dume.

Kama bado una shaka, tumia nomino ya kitu, isiyokwenda na -o na -a ya sifa. Sombra, kivuli, ni neno la kike lakini wapo madume wengi wanaobeba jina hilo bila aibu. Sol, jua, na Luz, mwanga, ni mafupi. Siete, saba, pia halina shida, na lina hadithi: wanaozungumza Kihispania humhesabia paka roho saba. Kuna wimbo wao wa watoto ambamo paka anaanguka kutoka darini, anakufa, anapelekwa kuzikwa, na msafara unapopita penye samaki harufu ya dagaa inamfufua. Kwa paka aliyeokotwa hoi akapona, sijaona jina zuri kuliko Siete.

Rangi, ndipo penye utamu

Wengi huishia hapa kwa Blanco na Negro. Blanco ni jeupe tu, halina dhambi wala ladha. Negro sikushauri. Kwa Kihispania ni rangi nyeusi, na kuna familia zinaitana hivyo kwa mapenzi, lakini hutaki kusimama mlangoni ukilipaza neno hilo huku anayepita hajui unamwita nani.

Kwa paka mweusi chukua Azabache. Ni jiwe jeusi linalong'arishwa kutengenezwa vito, na paka mweusi aliyelala juani ana mng'ao huohuo hasa. Hutamkwa asabache. Ni silabi nne, kwa hiyo litakatwa. Likate mbele liwe Aza. Ukilikata nyuma utapata Bache, ambalo ni shimo la barabarani. Tinta, wino, ni jepesi zaidi, na Noche, usiku, linaita vizuri.

Azabache lina asili ya Kiarabu, na hapo ndipo mimi huwachelewesha watu wanaoniomba ushauri. Waislamu walitawala sehemu za Rasi ya Iberia kuanzia mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na lugha ilibaki na maneno yao kibao, mengi yakiwa yameng'ang'aniwa na a- au al- mwanzoni. Sisi tuna ndugu za maneno hayohayo. Azúcar ni sukari. Aceituna ni zeituni. Jazmín ni yasmini. Azafrán ni zafarani. Ukimwambia mzee wa nyumbani kwamba paka wa rangi ya chungwa anaitwa Azafrán, "yaani zafarani tu, Mzee," hata mkataa mambo yote ya Kihispania anakuwa amepata pa kushika. Kwa paka mwekundu mwekundu hilo ndilo langu namba moja. Namba mbili ni Canela, mdalasini, hasa akiwa jike aliyefifia rangi.

Wenye mabaka ya chungwa na meusi yaliyovurugana, Wahispania huwaita carey, neno lilelile la gamba la kasa. Carey, karei, linafaa kabisa kuwa jina, na kwa kuwa paka wa rangi hiyo karibu wote ni majike, hata ukaguzi wa chini ya mkia unaweza kuuruka. Mwenye milia ni Tigre. Mwenye doa moja kubwa ni Mancha. Mwenye madoa mengi ni Pinta, jina la mojawapo ya meli tatu za Columbus za mwaka 1492, na kama unao wawili, wa pili ni Niña. Mwenye miguu meupe ni Botas, mabuti. Mwenye rangi ya kijivu ana bahati: Ceniza ni majivu, Plata ni fedha, Nube ni wingu, Humo ni moshi.

Humo tulisimamishe kidogo.

Majina yanayoongea Kiswahili bila kujua

H ni bubu, kwa hiyo Humo hutamkwa "umo". Jioni moja rafiki yangu alipiga magoti mbele ya kabati, anamtafuta paka wake wa kijivu, anaita "Umo? Umo?" Mumewe akamjibu kutoka chumbani: "Wewe si unatazama? Yumo au hayumo?" Jina limebaki, na kila likiitwa linakuwa swali la haki.

Lugha hizi mbili zimejaa ajali za namna hiyo kwa sababu silabi zake zinafanana, na hakuna orodha ya majina itakayokuonya. Nene kwa Kihispania ni mtoto mchanga, bebi. Mpe paka mnene jina hilo, mgeni wa huku acheke na mgeni wa kule aone huruma. Sana ni "mwenye afya" kwa jike. Pata ni mguu wa mnyama. Cuna ni kitanda cha mtoto, neno la upole kabisa, ila simama nje uite "Cuna! Cuna!" uone jirani atakavyokuuliza kuna nini. Mimi ni jina la paka linalopendwa sehemu nyingi, na nakuomba usilijaribu: "Nani amekula samaki?" "Mimi."

Baya kuliko yote ni Moto. Kwa Kihispania ni kifupi cha pikipiki, na kwa paka anayekoroma kwa raha kama injini linamkaa sawasawa. Kaka mmoja niliyesoma naye alilichagua akiwa na furaha tele. Nilimwomba atoke nje saa nne usiku aliite mara tatu kwa sauti ya juu. Alifikiria, akamwita Trueno, ngurumo.

Si ajali zote ni za kukimbia. Paka mweupe wa dada mmoja anaitwa Copo, chembe moja ya theluji inayoanguka. Wanaozungumza Kihispania wana Copito de Nieve moyoni, yule gorila mweupe aliyetolewa Guinea ya Ikweta akaishi kwenye bustani ya wanyama ya Barcelona kuanzia 1966 hadi alipokufa 2003, kwa hiyo jina hilo kwao limekaa vizuri. Kwa watoto wa dada huyu ni kopo, kopo tu, na wakitaka paka aje wanagonga kopo na kijiko huku wanaimba jina lake. Jorge angemwonea wivu.

Lakabu za watu

Kuna raha ya pekee kumpa paka jina la mjomba. Sio jina rasmi, lakabu yake. José ni Pepe, Francisco ni Paco, Ignacio ni Nacho, Antonio ni Toño, Guillermo ni Memo, Guadalupe ni Lupe. Dolores ni Lola, na dolores maana yake ni maumivu, jambo litakaloeleweka vizuri baada ya wiki moja na kucha zake. Karibu yote ni silabi mbili zinazoishia na irabu, kana kwamba yalitungwa kwa ajili ya wanyama. Paka mwenye sura ya mkuu wa shule mstaafu mwongezee Don, yaani Bwana, mbele: Don Memo. Jike wa namna hiyo ni Doña, yaani Donya, Lupe.

Ukitaka la jadi lipo Misifú, ambalo kwa Kihispania linanuka paka tangu mbali. Mshairi Lope de Vega alichapisha mwaka 1634 utenzi wa kuchekesha wa madume wawili wanaogombania mchumba, na mmoja wao ni Micifuf. Mpinzani wake ni Marramaquiz. Usijaribu Marramaquiz.

Hapa pia pana mashimo. Chucho ni lakabu ya Jesús, lakini pia ni koko, mbwa asiye na kabila. Paka wako hakukukosea kiasi hicho. Concha ni jina la heshima la bibi mmoja wa Hispania, na ni tusi zito mdomoni mwa Muargentina. Carbón, makaa, linavutia kwa paka mweusi, ila r ikiteleza ikaangukia nyuma ya b unapata cabrón, na hiyo husemwa watu wakikunja mikono ya shati. Ndiyo maana jina likishanikaa, nauliza wazungumzaji wawili wa nchi mbili tofauti. Mwalimu wangu wa Colombia alinikubalia majina ambayo mwenzake wa Mexico aliyacheka mpaka akaomba maji.

Siku tatu za majaribio

Nikibaki na majina mawili au matatu nayaishi, moja kila siku. Naliita kwa sauti kubwa mlangoni, naliita kwa kunong'ona usiku, na nalisema kwa hasira, "Araña, shuka hapo!", kwa sababu hasira ndiyo inayofichua jina lisilo na uti wa mgongo. (Araña ni buibui, na pia ni "anakwaruza". Nilimwekea mmoja, sijutii.) Kisha namwomba mtu mzima kuliko wote nyumbani alitamke, halafu mdogo kuliko wote. Wakilipinda kwa namna moja, hilo walilolipinda ndilo jina. Wakilipinda kila mtu kivyake, nalitupa.

Baada ya hapo, jina liambatane na mema tu kwa wiki mbili hivi: chakula, mchezo, kukunwa chini ya kidevu. Ukimpa dawa au ukimwingiza kwenye kikapu cha safari, nyamaza. Kama ni paka mkubwa aliyekuja na jina lake, yaunganishe, la zamani kwanza na jipya nyuma yake, mpaka jipya peke yake lianze kugeuza sikio, ndipo la zamani uliache.

Huyu wa sasa alifika mwezi wa mvua, jike wa kijivu, mkia mwembamba kama kamba ya kiatu. Nilikuwa na karatasi yangu: Ceniza, Plata, Doña Lupe. Mama alikuwa ameketi na paka mapajani, anamchana manyoya kwa vidole.

"Wingu wanaliitaje hao watu wako?"

"Nube."

"Nube," akasema, mkazo mahali pake, b laini kama ya Madrid. Akarudia mara mbili, kisha akaniuliza kama hilo nalo nitamsahihisha.

Kadi ya chanjo ilirudi wiki iliyofuata. Herufi nne, zote sahihi.